Kadi Moja, Watu Wawili

Kadi ilikuwa moja na watu walikuwa wawili. Hapo ndipo penye kosa, na msije mkaniuliza mwishoni mambo yaliharibikia wapi.

Rayna na mumewe Minko walikuwa watu wa Gabrovo, mji wa Bulgaria ambao wenyeji wake hujicheka wenyewe kwamba humkata paka mkia ili mlango ufungwe upesi nyuma yake wakati wa baridi. Ubahili kwao si aibu, wanautambia hadharani. Basi binti yao Desislava alipotaka kuwalipia safari ya Napoli kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa, akapiga simu kuuliza kama anunue kadi mbili za utalii, baba yake hakumwacha amalize.

"Mbili za nini? Nikiona mimi si ameona na mama yako?"

Kadi ilikuwa ya siku tatu. Mwenye nayo anapanda mabasi, anaingia makasri na makumbusho, kila mahali mara moja. Iliandikwa jina la Rayna kwa kuwa ndiye aliyejua Kitaliano. Aliwahi kukaa Caserta, karibu na Napoli, miaka minne akimlea bibi kizee mmoja wa huko. Wakaitumia kwa zamu. Rayna akiingia kasri, Minko anabaki nje kwenye benchi na mkate wake na jibini ya kondoo waliyotoka nayo nyumbani. Minko akiingia makumbusho, benchi ni la Rayna. Mashine za milangoni hazikujali jina, zililia pii na kuwapisha. Basi likija, mmoja anapanda na mwingine anatembea, na mara nyingi aliyetembea ni Minko. Daktari si alisema atembee?

Jioni wakiwa mezani hotelini ndipo walipogawana siku yao. Kila mmoja alimsimulia mwenzake alichoona, chote, bila kuficha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Minko alitia chumvi sana, lakini Rayna alizipenda saa zile kuliko makasri yenyewe, na moyoni alikiri kwamba kadi mbili zisingewapa raha hiyo.

Kuhusu huyo daktari: miaka miwili nyuma moyo ulimwangusha Minko bustanini, katikati ya nyanya zake. Tangu hapo vidonge vyake vya kuweka chini ya ulimi vilikaa ndani ya kikopo kidogo cha bati, na kikopo kilikaa kwenye mkoba wa Rayna, maana Minko kwa kupoteza vitu alikuwa hana mfano. Rayna alikigusa kikopo kile mara ishirini kwa siku, hata usingizini mkono wake ulikitafuta.

Siku ya tatu kadi ilikuwa imalizike saa nane mchana, na Minko alikuwa amebakiza kitu kimoja tu alichokitaka kwa moyo wake wote. Chini ya mtaa mmoja wa mjini kulikuwa na hodhi la maji la watu wa kale, limechongwa ndani ya mwamba. Minko alikuwa fundi pampu miaka thelathini na minane katika idara ya maji ya Gabrovo. Picha za watakatifu alizivumilia tu. Hodhi lile alikuwa akilisema tangu uwanja wa ndege.

Mlango wa hodhi haukuwa na mashine. Palikuwa na mlinzi, Carmine, mtu wa makamo mwenye kitambi na shada la funguo kiunoni, na nyuma yake ubao wenye misumari ishirini, kila msumari na kibati cha shaba chenye namba. Anayeshuka huvaa kibati shingoni, akipanda hukirudisha. Vibati vikitimia ubaoni Carmine anajua chini hamna mtu. Saa saba anafunga, anakwenda kula, anarudi saa kumi.

Carmine aliigeuza kadi akaisoma. Akamtazama Minko kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe ndiye Rayna? Na masharubu umeanza kuyafuga lini?"

Rayna alihisi mashavu yakiwaka. Carmine akasema hana ubaya, mama apite, mzee akate tiketi, euro kumi na mbili. Rayna akamtafsiria mumewe.

"Kumi na mbili nikaangalie maji?" Minko alisema. "Nimeoga maisha yangu yote, hakuna aliyenitoza kiingilio."

"Nilipe mimi, Minko. Leo tu."

"Ukilipa siingii. Nenda wewe, utanisimulia."

Alitoka nje akijifanya hajali, lakini mabega yalikuwa yameshuka, na Rayna akamhurumia. Alimfuata. Akamkuta kapinda kona, ameinama kwenye uchochoro ulioteremka kando ya jengo, anapapasa mlango mfupi wa chuma.

"Huu unatoka kule kule chini," Minko alisema, macho yanacheka. "Kama ile yetu ya Gabrovo, una nondo kwa ndani, ukiisukuma unafunguka. Shuka na kadi yako, nifungulie. Nachungulia dakika kumi, natokea hapa hapa. Nani atajua?"

"Mimi na mashimo, Minko? Unanijua."

Alimjua. Rayna alipokuwa na miaka sita watu walimfungia kwa bahati mbaya kwenye stoo ya chini, kati ya mapipa ya kabichi, na alilia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo hata lifti aliipanda kwa kumshika mtu mkono.

"Nitakuwa na wewe," Minko akasema. "Tangu lini nimekuacha?"

Akakubali. Miaka arobaini alikuwa akikubali kwa namna hiyo hiyo.

Carmine alimpa kibati namba saba, akampokea mkoba. "Huu unabaki hapa juu, mama. Kule kuna mahali pembamba." Alikuwa na redio ndogo na alikuwa anakohoa. Rayna alishuka ngazi tisini na mbili akizihesabu ili asifikiri. Ukuta ulikuwa umelowa, taa zilikuwa ndogo na za mbali mbali, na baridi ilimpanda kutoka nyayoni. Kitu kimoja tu kilimpa nguvu: kikohozi cha Carmine kilimfuata mpaka chini, wazi kabisa, kana kwamba yuko nyuma yake ngazi mbili. Chini hapakuwa na mtu mwingine. Akaupata ujia wa kushoto, akaiona nondo, akaisukuma kwa mikono miwili. Mlango ulifunguka kwa kishindo. Minko akaingia amebeba kofia mkononi, akaurudishia mlango nyuma yake.

"Tazama hii kazi," alinong'ona, anapapasa mwamba. "Kwa patasi, Rayna. Mtu na patasi yake."

Hodhi kubwa lenyewe lilikuwa mbele, ng'ambo ya upenyo ambao mtu alipita ubavu ubavu. Rayna aliingiza bega moja, akahisi jiwe mgongoni na jiwe kifuani, na pumzi ikagoma. Akajichomoa.

"Siwezi. Siwezi, Minko, naomba tupande."

"Wewe panda, mke wangu. Mimi dakika kumi. Tukutane pale kwenye bomba la uwanjani."

Akapita yeye, ubavu ubavu, akatokomea.

Rayna alipanda karibu anakimbia. Zilikuwa zimebaki dakika tano kufika saa saba. Carmine alikipokea kibati namba saba, akakitundika, na ubao ukatimia. Akampa mkoba wake. Kisha, akiwa amekwisha kuzima redio, akamkazia macho.

"Nimesikia mlango wa uchochoroni ukigonga. Mama, ulikuwa peke yako kule chini?"

Hapa mnisikilize vizuri. Rayna hakuwa mwongo. Lakini alipokuwa Caserta, miezi minane ya mwanzo aliishi bila karatasi za ukaazi, na mtu aliyewahi kuishi nchi ya watu bila karatasi huwa na woga uliokaa tayari mdomoni. Aliona faini, aliona polisi, aliona Desislava akipigiwa simu huko kwake Sofia kuambiwa wazazi wake wameshikwa kwa wizi wa kiingilio.

"Sola," akasema. Peke yangu. Neno fupi, na ndilo la kwanza alilolijua Italia, maana kila alikokwenda kutafuta kazi waliuliza hivyo: una mtu, au uko peke yako?

"Basi ni vijana wa mtaani," Carmine akasema. Akashusha swichi kubwa ukutani. Chini kule, kwenye ngazi, mwanga ukafa.

Sema sasa, Rayna alijiambia. Hakusema. Alijiambia Minko ameshatoka, dakika kumi zimekwisha, yuko kwenye bomba anamngoja. Carmine akateremsha wavu wa chuma, akautia kufuli mbili. Sema. Carmine akachukua mnyororo, akapinda kona kuingia uchochoroni, na Rayna akamfuata kwa mbali, akitazama ule mlango mfupi na kuuomba ufunguke. Haukufunguka. Carmine akapitisha mnyororo kwenye pete mbili za nje, akabana kufuli, akaipanda pikipiki yake.

"Mlo mwema, mama," akasema, akaondoka.

Alikimbia uwanjani. Kwenye bomba palikuwa na mbwa anakunywa maji, basi. Alizunguka uwanja, alitazama kila benchi, alitazama ndani ya mkahawa, akarudi kwenye bomba kana kwamba Minko angeota pale. Alipiga simu yake na ndipo akakumbuka: simu ya Minko ilikuwa hotelini inachaji, kwa kuwa umeme wa hoteli umeshalipiwa. Hana simu. Hana tochi. Rayna alirudi uchochoroni, akapiga magoti mbele ya mlango, akaugonga kwa ngumi.

"Minko!"

Kutoka mbali sana ndani ikaja sauti ya chuma juu ya bomba, mara tatu. Hivyo ndivyo mafundi wa Gabrovo walivyoitana wakiwa chini ya barabara. Rayna akalala kifudifudi juu ya mawe. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole vinne.

"Minko, unanisikia?"

"Taa zimezimika." Sauti ilikuwa ndogo. "Sioni hata mkono wangu. Maji yako kushoto au kulia, sijui. Waambie wawashe."

"Wamefunga. Wamekwenda kula. Njoo kwenye sauti yangu, pole pole, shika ukuta."

"Rayna. Kifua kinanibana."

Mikono ya Rayna iliruka yenyewe mkobani. Kikopo kilikuwepo, kama kilivyokuwepo kila siku kwa miaka miwili, na safari hii mwenye vidonge alikuwa upande wa pili wa chuma. Alikitoa, akakigonga gonga chini.

"Unasikia hii? Ni vidonge vyako. Navisukumia ndani, chini ya mlango. Usisimame, tambaa. Njoo kwenye mlango, upapase sakafu. Kimoja chini ya ulimi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Kimoja chini ya ulimi. Usiondoke."

Alisukuma kikopo kadiri mkono ulivyofika. Na alijua lazima aondoke, maana hata akiita gari la wagonjwa, ufunguo ulikuwa kwa Carmine. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: akikaa, atamsikia mumewe akifa, akienda, Minko atakufa akidhani ameachwa. Alilia kwa sauti, akiwa bado amelala chini.

"Nakwenda kuleta funguo. Hesabu, Minko. Hesabu mpaka mia tano, nitakuwa nimerudi."

Hakungoja jibu. Mtaa mzima ulikuwa umefunga madirisha, harufu ya vitunguu na nyanya inatoka kila mahali, hakuna mtu nje. Alipita akipiga milango kwa viganja. Kwenye roshani moja mwanamke akatokea na kitambaa cha meza mkononi.

"Carmine wa hodhi, anakaa wapi?"

"Carmine anakula."

"Anakula wapi, dada yangu? Nambie, nakuomba."

"Kwa mama yake. Mlango wa kijani, ghorofa ya nne. Lakini Jumatano ni siku ya maharage, hatakushukuru."

Ngazi za jengo lile zilikuwa za giza pia, na Rayna hakuziogopa, wala hakugundua kwamba haziogopi. Alikuwa anahesabu. Alipofika mlangoni alikuwa kwenye mia mbili na sitini. Alifunguliwa na bikizee, na nyuma yake ilikuwepo meza, watu watano, bakuli linafuka moshi, na Carmine na kitambaa shingoni.

"Nilikudanganya," Rayna akasema akiwa pale pale mlangoni. "Sikuwa peke yangu. Kadi ni moja na sisi ni wawili, nilimfungulia mume wangu ule mlango. Yuko chini. Moyo wake mbovu. Niitie polisi, nifunge, lakini kwanza mfungulie."

Carmine alimtazama kwa muda wa kumeza tonge. Kisha alinyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akang'oa funguo msumarini na kupita ubavuni mwa Rayna bila neno. Mama yake ndiye aliyepiga simu ya gari la wagonjwa.

Mia tatu na tisini. Mia nne. Walikwenda kwa ile pikipiki, Rayna amemkumbatia mtu asiyemjua, anahesabu mgongoni pake. Uchochoroni aliruka kabla haijasimama.

"Minko!"

Hapakuwa na jibu. Aligonga mara tatu kwa jiwe. Hapakuwa na jibu. Vidole vya Carmine viliteleza kwenye kufuli, ufunguo wa kwanza ukakataa, wa pili ukakataa. "Mama Maria," alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "mama Maria, si leo, si kwangu." Ufunguo wa tatu ukaingia. Mnyororo ukaanguka, lakini mlango haukusogea, maana mlango ule ulifunguka kwa kusukuma nondo ya ndani, na wa kusukuma alikuwa hasikiki. Carmine akatoa bisibisi chini ya kiti cha pikipiki, akaichomeka, akakaza meno. Rayna aliweka mdomo kwenye ile nafasi ya vidole vinne na kuita jina lile lile, na hakujua tena ni mara ya ngapi.

Chuma kikaachia. Mwanga ukaingia, ukamwangukia Minko aliyekuwa ameketi sakafuni hatua mbili tu kutoka mlangoni, mgongo ukutani, midomo ya bluu, kikopo wazi mapajani na vidonge vimetapakaa kila mahali. Macho yalikuwa yamefumba. Rayna hakuweza kumgusa. Alisimama na mikono hewani, na Carmine ndiye aliyepiga goti na kumwekea vidole shingoni.

Alikaa hivyo muda mrefu mno.

"Mia nne tisini na moja," Minko akasema bila kufumbua macho.

Hospitalini walimlaza wodi ya ghorofa ya pili, waya kifuani. Daktari alisema kidonge ndicho kilichomweka hai. Carmine alikuja na kofia ya Minko aliyoiokota majini na sufuria ndogo ya maharage kutoka kwa mama yake. Rayna alimweleza kwa nini fundi maji yule alilitamani hodhi, kisha akamuuliza faini ni kiasi gani.

"Faini gani?" Carmine alisema. Alikuwa bado hajapata rangi yake. "Ungeniambia mzee alikuwa fundi maji ningempitisha bure, mama. Kule chini huwa ninapoteza maneno bure kuwaeleza watu wasiojua hata pampu ni nini."

Akaaga. Jua lilikuwa bado dirishani. Wakabaki wawili, na sufuria juu ya kabati katikati yao, na ikawa saa yao ya kusimuliana. Rayna alijua sheria. Alitafuna maharage matatu, akaweka kijiko chini.

"Aliniuliza," akasema. "Alipokuwa anafunga. Akaniuliza kama nilikuwa peke yangu, nikasema ndiyo. Ulikuwa chini ya miguu yangu na nikasema hivyo. Halafu nikamwangalia anafunga kufuli moja moja, nikanyamaza."

Minko alitazama dari.

"Nilikusikia," akasema.

Rayna akamgeukia.

"Sauti inateremka vizuri sana pale. Sola. Neno hilo si ulinifundisha mwenyewe kwenye simu, ulipokuwa Caserta, kila Jumapili? Nilikuwa nimeshavuka ule upenyo, taa bado zinawaka. Ningepiga kelele moja tu angenisikia. Sikupiga. Nilicheka, Rayna. Nilijiziba mdomo kwa kofia nisisikike. Nikasema huyo ndiye mke wangu, kaokoa euro kumi na mbili. Halafu ikaja giza. Na kule gizani nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu sikusikia kingine chochote ila neno lile."

Rayna alivua viatu, akapanda kitandani ubavuni mwake, juu ya shuka, pembeni ya zile waya, na muuguzi aliyepita akajifanya hakuona.

Siku tano baadaye walipanda basi la kwenda uwanja wa ndege. Kadi ilikuwa imekwisha zamani. Minko alikwenda mwenyewe dirishani, akasema kwa vidole, viwili, akalipa bila kuuliza bei. Tiketi zote mbili alizishika Rayna, moja kila mkono, na hakuziweka mkobani mpaka waliposhuka, ingawa njia nzima hakupita mtu wa kuzikagua.